Nichangie nani kati ya hawa watatu wanaookoa mbwa na paka?

Mpole wa Tabata: Wakuu, habari zenu. Nina elfu hamsini ya kuwachangia wanyama wa mtaani, ila naogopa kupigwa. Nimebaki na watatu. Wa kwanza ana ukurasa wa Instagram wenye video za mbwa kutolewa mashimoni, michango inaenda namba ya simu. Wa pili ni mama wa Kigamboni, paka kama thelathini uani, usajili hana. Wa tatu ni shirika lenye cheti na akaunti ya benki. Mnashaurije?

Chura wa Msimbazi: Wa kwanza mkimbie. Anasema ni Mbagala, mbona gari linalopita nyuma linakwenda kulia mwa barabara? Halafu shuka chini kwenye ukurasa: kambwa kale kale kenye sikio moja jeupe kaliokolewa mwezi juzi kwenye kalavati. Kana mkosi kweli 😂

Mama Chausiku: Msicheke jamani. Wapo wanaomtumbukiza wenyewe ili warekodi. Ukichanga, umelipia shimo la pili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008.

Bwana Pantoni: Huyo mama namfahamu. Nilivuka siku moja bila kumtaarifu, nikamkuta anachemsha dagaa, harufu hadi barabarani. Paka waliohasiwa wamekatwa ncha ya sikio kama alama, na daftari lina tarehe za sindano na mhuri wa daktari wa mifugo. Nyumba yenyewe ya kupanga.

Mpole wa Tabata: Na cheti cha wa tatu?

Karani Mstaafu: Soma ni cheti cha nini, mdogo wangu. BRELA husajili kampuni na majina ya biashara. NGO iko kwa Msajili wa NGO, kwa sheria ya 2002. Hata hivyo cheti hakilishi mbwa. Mimi nilichangia sehemu yenye bango zuri, nilipoomba kumwona mbwa niliyemlipia nikaambiwa nitume kwanza ya mafuta. Hadi leo sijamwona.

Chura wa Msimbazi: Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama ni la mtu usiyemjua, futa.

Mpole wa Tabata: Nimempigia mama. Pesa kakataa, anasema nikamlipe daktari deni la sindano, yeye nimpelekee dagaa. Navuka Jumamosi. Dagaa wa bei poa nawapata wapi, Kariakoo au Tandika?