Tupeane uzoefu: Mhudumu wa afya wa kujitolea aliyerudi kupiga hodi mara ya pili

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Mwezi uliopita mama yangu amemaliza dozi ya kifua kikuu, naye anasema waziwazi kwamba bila mama mmoja wa mtaani kwetu Mbagala, mhudumu wa afya wa kujitolea, asingefika mwisho. Dozi ile ni ya miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza mchanganyiko wa dawa 4, na miezi 4 inayofuata humeza mchanganyiko wa dawa 2; hatari iko hapo katikati, kwa kuwa kikohozi kimekwisha, nguo zimeanza kumkaa mwilini, na mtu anajiona mzima.

Mama alianza kuruka siku. Mhudumu yule alipokuja hakumgombeza, bali aliketi mkekani akamuuliza, kama anayeuliza habari za nyumbani, mkojo wa asubuhi ulikuwa wa rangi gani. Mama akajibu kuwa ulikuwa wa kawaida tu, na hapo hapo akajifichua, maana mojawapo ya dawa zile huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Tangu siku ile alipita kila alfajiri kabla ya kwenda kuuza maandazi yake, akasubiri kidonge kimezwe, ndipo akaondoka. Pia ni yeye aliyeuliza ni watoto gani wanalala chumba kimoja na bibi yao, akawapeleka wote wawili kupimwa na kuanzishiwa dawa ya kinga. Hakulipwa hata nauli.

Kuja mara moja si kazi ngumu. Ninaowaenzi mimi ni wale wanaorudi, na ndio ninaoomba mtusimulie.

Mchangiaji wa Mahenge

Shukrani, mleta mada. Huku Ulanga tumeishi na usubi miaka mingi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na ambao usipodhibitiwa hupofusha. Kingatiba tunayopewa huua vijidudu vichanga vya minyoo wanaouleta lakini haiwaui minyoo wakubwa, kwa hiyo lazima irudiwe mwaka hadi mwaka, na anayeirudia mlangoni ni mgawa dawa tuliyemchagua wenyewe kijijini. Babu yangu aligoma, kwa sababu mara ya kwanza alipomeza aliwashwa mwili mzima usiku kucha. Kijana yule alirudi mara tatu. Mara ya tatu alimfuata babu shambani, fimbo ya kupimia urefu ikiwa begani kama mpini wa jembe, akamweleza kwa utulivu kwamba mwasho ule ulitokana na vijidudu vilivyokuwa vikifa chini ya ngozi. Babu alicheka, akasimama wima kando ya fimbo, akapewa vidonge 4, kwa kuwa dawa hii hutolewa kwa kimo cha mtu.

Nyanya wa Kwale

Kwetu Kenya, tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, lakini aliyemwokoa mjukuu wangu alifanya kazi hii kabla ya hayo yote, kwa miguu yake na utepe mmoja wa rangi tatu. Alimzungushia mtoto utepe mkononi ukasoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali. Mimi nilidhani ni wembamba wa ukoo wetu. Alitusindikiza hadi zahanati, na baada ya hapo akaja kila wiki mpaka utepe ulipofika kijani.

Mhudumu wa Kigoma

Nimesoma visa hivi kwa machozi, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu hao. Mpango uliozinduliwa nchini mwetu Januari 2024, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294, umenipa matumaini kwamba kazi hii itatambuliwa rasmi, na ni haki, kwa kuwa wengi wetu tumelima mashamba yetu usiku ili mchana tutembelee nyumba za watu.

Naomba nami niseme la kwangu. Ipo nyumba moja sikurudi. Mjamzito alikuwa na maumivu makali ya kichwa na miguu imevimba. Nikamwambia awahi zahanati, akaniahidi kesho. Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, nikakaa ndani. Usiku wa tatu alishikwa na kifafa cha mimba. Yeye alipona, mtoto hakupona. Tangu hapo siondoki kwenye mlango wa mtu kabla sijaandika katika daftari siku nitakayorudi, naye akiniona ninavyoiandika. Mama yule amejifungua tena mwaka huu, salama, na katika mimba hiyo nilifika kwake mara 11.