Fizio kanilaza kifudifudi tu nijisukume, hii ni tiba kweli?

TandiBoi: Wakuu habari. Naendesha lori, maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka takoni mpaka nyuma ya goti, shingo nayo nikigeuka kucheki saitimira inagoma. Diklofenaki nimekunywa mpaka tumbo linawaka. Juzi fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) kanilaza kifudifudi eti nijisukume juu kwa mikono kiuno kibaki chini, mara kumi, nirudie kila baada ya masaa mawili matatu. Hela yote ile hata masaji hakuna! Halafu nikifanya mguu unapoa ila kiuno ndo kinazidi, niache?

mamaFizio: Pole kaka, usiache. Maumivu yakitoka mguuni yakarudi kiunoni hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda, yakianza kushuka kuelekea unyayoni ndo usimame umpigie fizio wako. Hiyo njia ni ya Robin McKenzie, fizio wa New Zealand. Mwaka 1956 alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri, kumbe kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani kwa ajili ya mgonjwa mwingine, jamaa akalala hivyohivyo mgongo umepinda kwa nyuma, McKenzie anarudi anaambiwa mguu umepona 😂 Hela umelipia kupimwa mgongo wako unapata nafuu ukipinda upande gani, sio kukandwa.

Mzee_wa_Nondo: Ila wadau msikopi tu. Baba yangu njia ya uti wa mgongo imebana, akitembea kidogo miguu inakufa ganzi, akiinamia baiskeli anapata nafuu. Yeye hilo zoezi lilimzidishia, akapewa la kuvuta magoti kifuani.

mamaFizio: Kweli kabisa mzee wangu, ndo maana lazima upimwe kwanza. Na TandiBoi, ukiona mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, ganzi sehemu za siri, au mguu unalegea, hapo mazoezi weka pembeni, hospitali siku hiyohiyo. Garini kunja taulo weka nyuma ya kiuno. Shingo: kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, yaani ujitengeneze kidevu cha pili, achia, rudia.

TandiBoi: Shukrani sana dada. Hiyo ya kidevu naweza kupiga nikiwa foleni ya mizani?

mamaFizio: Piga, ila gari iwe imesimama. Ya kifudifudi mwambie tingo akutandikie mkeka.