Pikipiki inavuja oili: nibadili gasketi, nishushe injini au niuze?

Kijana wa Buhongwa
Wakuu, salaam. Pikipiki yangu imeanza kuvuja oili, kila asubuhi nakuta doa ilipolala. Fundi wa kwanza anasema gasketi, zile karatasi za kuzibia maungio ya injini, zimechoka, anataka 45,000 abadili zote. Wa pili anasema hizo ni hela za kutupa, injini ishushwe na kupasuliwa, 220,000 pamoja na spea. Shemeji naye ananiambia niuze kabla haijanifia, niongeze hela nichukue nyingine. Pikipiki hii ndiyo inayonibebea samaki kutoka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo mpaka Ijumaa niwe nimeamua. Ninyi mngeshika lipi?

Fundi Nyakato
Mdogo wangu, hujasema ni pikipiki gani, imetembea kiasi gani, oili inatokea upande upi. Inavuja ikiwa imesimama au mpaka injini ichemke? Inatoa moshi? Bila hayo na sisi tutabahatisha tu.

Boxa Damu
Kama ni pikipiki ya Mchina, uza leo. Chukua Boxer ulale usingizi.

Mama Spea Igoma
Bolti ya kumwagia oili umeitazama? Watu wanakuja dukani kuulizia seti nzima ya gasketi, kumbe ni ile washa yake, kipete cha kuzibia. Ikibanwa mara nyingi inakuwa bapa, haizibi tena. Bei yake haifiki hata ya soda.

Mzee wa Usagara
Boxa Damu, usimdanganye kijana. Sili, ile pete ya kuzibia shafti, ni mpira, na mpira unakauka kwa joto, iwe Boxer, iwe TVS, iwe SanLG. Boxer ya mwanangu ilivuja kwenye kiki mpaka kiatu kikalowa.

Kijana wa Buhongwa
Shikamoo Mzee. Ni TVS, niliinunua mkononi kwa mtu, na kilomita hazisomi tangu siku hiyo. Inavuja kushoto, chini. Moshi sijaona.

Fundi Nyakato
Hapo sasa tunaweza kuongea. Usitazame inakodondokea, tafuta inakoanzia. Oili ikitoka juu kwenye kava la valvu inateremka kwenye mapezi ya silinda, upepo unaisukuma nyuma, mwisho inadondoka chini na wewe unamlaumu asiyehusika.

Injini ikiwa imepoa, ioshe kwa mafuta ya taa na brashi. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiielekeze kwenye sili wala kabureta. Ikikauka kabisa, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote: kava la valvu, silinda inapokutana na hedi (kichwa chake), inapokaa juu ya injini, kava la magneto, kava la klachi, na bolti aliyoitaja Mama Spea. Washa, iache iungurume bila kupiga resi mpaka ipate moto, zima, mulika kwa tochi. Usipoona kitu, panda nayo mlima wa Bugando, rudi, mulika tena. Poda italowa mstari. Ufuate huo mstari mpaka sehemu iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Ndipo penye tundu.

Kushoto chini fungua na kava la sproketi. Grisi ya cheni na matope hujazana pale, wengi wanadhani ni oili ya injini. Pale pana shafti ya sproketi na ya pedali ya gia, kila moja na sili yake, na mara nyingi zinatolewa kwa nje bila kupasua injini. Ila ishike shafti ya sproketi uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya haitadumu. Hapo tu ndipo fundi wa pili atakuwa na hoja.

Halafu kile kibomba cha kupumulia injini. Kikizibwa na matope, presha ya ndani inatafuta pa kutokea na inasukuma sili iliyo dhaifu. Utabadili hii, kesho itavuja nyingine. Pima na kiwango cha oili, maana kuijaza kupita alama nako kunaleta hayo hayo.

Dereva wa Sengerema
Kaka, kuhusu kubadili gasketi zote, nisikilize kwanza. Yangu ilikuwa na jasho dogo tu kwenye silinda. Gereji moja wakaniambia inafunguliwa hedi, gasketi mpya, jioni naondoka. Fundi akapaka ile silikoni ya kuzibia kama anapaka siagi kwenye mkate, juu ya gasketi mpya isiyohitaji kitu. Ikaacha kuvuja kweli, nikamshukuru na hela ya chai nikampa. Baada ya muda juu kukaanza kugonga tiki tiki. Nikarudi, akasema ni valvu, akazirekebisha. Kelele ikazidi. Siku moja natoka na abiria mgonjwa, ikazima katikati ya barabara, kiki haishuki. Ilipofunguliwa kwa fundi mwingine, silikoni iliyotokeza kwa ndani ilikuwa imekatika vipande na kuziba njia ya oili inayopanda kwenye hedi. Kemshafti imelika, hedi imelika. Gereji ile ikakana kila kitu. Tone moja la oili kwa siku lilikuwa halinidhuru chochote, nililipa hela nikanunua ubovu. Asifungue mtu sehemu isiyovuja!

Boxa Damu
Pole sana. Lakini mimi ningeweka oili nzito, ile namba 40 ya magari. Inapunguza kuvuja.

Fundi Nyakato
Hapana! Klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili ya injini. Nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inateleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki, na unene ufuate kitabu cha pikipiki yako.

Boxa Damu
Nimetumia miaka na klachi inashika vizuri tu.

Mzee wa Usagara
Ndiyo maana unauza kila mara.

Dereva wa Sengerema
Ukiamua kuuza ilete huku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unavuka bila kungoja kivuko, na wateja wapo.

Mzee wa Usagara
Daraja limetuokoa, zamani mgonjwa alikuwa anasubiri foleni ya kivuko. Lakini ukiuza mwambie mnunuzi kwamba inavuja. Naye ana watoto.

Kijana wa Buhongwa
Wabeja sana wote. Nimeosha na kupaka poda. Bolti ya kumwagia ina unyevu kidogo, na kwenye shafti ya pedali ya gia poda imelowa. Juu pakavu, ila sijaipandisha mlima, mvua haijaacha tangu mchana. Kibomba kilikuwa kimejaa tope, nimezibua. Shemeji bado anasema niuze.

Boxa Damu
Unaiuza bei gani?

Mama Spea Igoma
Mwache kwanza, mlima hajaupanda. Mwanangu, sili ya zamani ikitolewa usiitupe. Usoni ina namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Njoo nayo mkononi, maana TVS hujasema ni ya 125 au 150.