Shule ya Kikatoliki ya Wamarekani weusi, nani anaijua historia yake?

Mdau_wa_Kirumba: Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mwanza jamaa kakomaa eti masista weusi Marekani walifungua shule wakati utumwa bado upo, tukamcheka tu. Kuna ukweli?

SatoWaZiwa: Mkuu mwombeni radhi. Ni St. Frances Academy, Baltimore, jimbo la Maryland, ilianza 1828 na mpaka leo inapiga kazi. Muasisi ni Mary Lange, mama mweusi mhamiaji aliyekuwa anafundisha watoto weusi nyumbani kwake bure, maana hawakuwa na shule ya serikali. 1829 yeye na wenzake watatu wakaweka nadhiri, padri Joubert akiwasaidia, ndo shirika la masista weusi, Oblate Sisters of Providence. Utumwa Maryland umekuja kufutwa 1864, piga hesabu mwenyewe.

Mama_Igoma: Na msidhani kanisa lilikuwa linawabeba. Joubert alipofariki 1843 wakaachwa solemba, ikabidi wafue na kupiga pasi nguo za watu ndo shule isife, yani sista anatoka darasani anaenda kwenye beseni. Mimi hapo ndo nawavulia kofia.

Mdau_wa_Kirumba: Duh. Sasa huyo Mary Lange ni mtakatifu tayari?

SatoWaZiwa: Bado, 2023 Papa Francis alitambua fadhila zake za kishujaa, hata mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, hajawa. Kahawa ya jamaa unalipa wewe lakini.