Sarafu ya kidijitali ya benki kuu: kutangulia, kusubiri au kuingia kwa kundi?

Hesabu_Tanga (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Siku hizi nalitazama suala la sarafu ya kidijitali ya benki kuu, yaani fedha ya nchi inayotolewa na benki kuu kwa njia ya kielektroniki badala ya noti, kwa jicho la nadharia ya michezo: ninachochagua mimi kinategemea jirani atachagua nini. Naona nchi zimeshika njia tatu.

Kuna waliotangulia. Bahamas walizindua Sand Dollar Oktoba 2020, Nigeria wakaja na eNaira Oktoba 2021, Jamaika na JAM-DEX mwaka 2022. Kuna wanaosubiri: Benki Kuu ya Kenya ilikusanya maoni ya wananchi Februari 2022, halafu Juni 2023 ikasema si jambo la kukimbiliwa kwa sasa. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilieleza Januari 2023 kwamba itakwenda kwa tahadhari, hatua kwa hatua. Na kuna wanaoingia kwa kundi kupitia mBridge, mradi wa benki kuu kulipana moja kwa moja kuvuka mipaka kwa sarafu hizi: China, Hong Kong, Thailand na Falme za Kiarabu kwenye mfumo mmoja, Saudi Arabia wakajiunga 2024.

Msimamo wangu: anayetangulia analipia makosa, anayefuata anasoma bure. Nchi ambayo pesa za simu zinafanya kazi, karata bora ni kusubiri. Mnasemaje?

Aisha_Vitambaa
Kaka, nakubaliana nawe nusu. Februari 2023 nilikuwa Lagos kufuata mzigo. Noti za zamani za naira zimefutwa, mpya hazionekani. Foleni za ATM zinaanza alfajiri, na vijana wenye mashine za kutolea pesa wanakuuzia naira kwa naira: unakatwa elfu kumi, unapewa elfu nane mkononi.

Kama kuna siku eNaira ingepaa, ni siku zile. Nikamuuliza mama niliyenunua kwake kama anaipokea. Akasema hapana, kwa sababu anayemuuzia yeye jumla haipokei. Duka la pili, jibu lile lile. Mwisho nikamlipa kwa benki, tukakaa karibu saa nzima tunaitazama simu yake tukisubiri ujumbe uingie. Sasa niambie, hapo kosa ni la kutangulia, au ni kwamba kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake?

Hesabu_Tanga
Dada Aisha, umegusa penyewe. Huo ndio mfano wa kulungu na sungura. Wawindaji wawili wakishikamana wanampata kulungu. Lakini kila mmoja anaweza kumshika sungura peke yake, na akihofu mwenzake ataondoka, naye anaondoka. Noti na pesa za simu ndizo sungura wetu. Utafiti uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2023 ulikuta 98.5% ya pochi za eNaira hazitumiki hata mara moja katika wiki. Watu walijiandikisha, kulungu hakuna aliyemfuata.

Mswahili_Muscat
Mnazungumzia mchezo wa dukani. Wa mataifa una hesabu nyingine kabisa. Mwaka 2022 akiba ya Urusi ya takriban dola bilioni 300 ilizuiwa nchi za Magharibi. Tangu hapo, kuwa na njia ya malipo isiyopita kwenye dola kuna thamani hata kama leo huitumii, ni kama mlango wa nyuma wa nyumba. Mwenye dola hana sababu ya kuujenga: Januari 2025 Rais wa Marekani alipiga marufuku taasisi za serikali yake kutoa sarafu ya aina hii. Na mBridge yenyewe, Benki ya Malipo ya Kimataifa (BIS), iliyoshiriki kuijenga, ilijitoa Oktoba 2024. Ulaya nao wanawaza utegemezi wao kwa kadi za malipo za Marekani. Kwa hiyo mkuu, "karata bora" ni ya nani? Kila mchezaji ameshika karata zake.

Wakala_Namanga
Wanangu, nimesoma uzi wote. Mimi natoa mizigo mpakani. Mnunuzi wa vitunguu anatoka Nairobi na shilingi ya Kenya, mkulima anataka ya Tanzania, katikati yupo kijana mwenye bunda la noti na kikokotoo. Bei anapanga yeye. Kenya ikitoa sarafu yake peke yake, yule kijana yupo. Tanzania ikitoa ya kwake, bado yupo. Ataondoka siku mifumo miwili itakaposomana, na hilo halihitaji sarafu mpya. PAPSS, mfumo wa malipo kati ya nchi za Afrika, ilizinduliwa Accra Januari 2022 kwa kazi hiyo hiyo, kila mtu alipe kwa fedha ya kwao. Kusubiri sawa, lakini kusubiri na kukunja mikono naona ni hasara tupu.

Hesabu_Tanga
Mzee wangu, nimekuelewa, na narekebisha msimamo. Nililinganisha nchi moja moja, wakati faida kubwa ya jirani na jirani iko kwenye kusomana. Lakini tatizo la kulungu linarudi: nani aanze, Nairobi au Dodoma?

Wakala_Namanga
Waanze mpakani, na vitunguu. Lori likisimama, muuzaji na mnunuzi wako pale pale, simu mkononi. Mmoja akituma, mwenzake anaona imeingia kabla gunia la kwanza halijashushwa. Hakuna wa kumngoja mwenzake kwa mbali.

Aisha_Vitambaa
Mzee, wakianza hivyo, vitambaa naleta mimi.