Kwa nini radi hukwaruza masafa ya kati lakini FM hubaki safi?

Msikilizaji wa Tukuyu
Ndugu zangu, huku kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kila radi inapopiga, redio yangu hukwaruza nikiwa kwenye masafa ya kati, ilhali nikihamia FM sauti hutulia. Radi ni ileile na redio ni ileile. Naomba kueleweshwa jinsi sauti ya mtangazaji inavyopakiwa kwenye wimbi, na tofauti hiyo inatoka wapi.

Fundi wa Mwanjelwa
Salamu, ndugu. Wimbi lisilobadilika halina habari: mluzi usiokoma wala kupanda hukuambia tu kwamba kuna mtu anapiga mluzi. Ujumbe umo katika mabadiliko. Katika masafa ya kati, kinachobadilishwa ni kimo cha wimbi, ambacho hupanda na kushuka kwa kufuata mitetemo ya sauti. Radi nayo hurusha umeme unaojiongeza juu ya kimo hichohicho, na redio haiwezi kutambua ipi ni sauti na ipi ni radi. Katika FM kimo huachwa kama kilivyo, na sauti huyumbisha kasi ya mitetemo yenyewe, hivi kwamba kituo cha megahezi 100, yaani mitetemo milioni 100 kwa sekunde, huyumba kwa kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde) zisizozidi 75 juu na chini. Kabla ya kusoma mayumbo hayo, redio hukata vilele vyote viwe sawa, na sehemu kubwa ya mkwaruzo huondoka navyo. Ni ubunifu ninaouheshimu sana. Edwin Armstrong wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1933.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa
Fundi amesema kweli, ila ukataji wa vilele si sababu pekee. Kelele ya radi ina nguvu zaidi katika masafa ya chini na hufifia kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo FM huipokea ikiwa tayari imepungua.

Msikilizaji wa Tukuyu
Ahsanteni sana. Mwalimu, kwa nini basi sauti isirushwe yenyewe, bila wimbi la kuibeba?

Mwalimu wa Fizikia, Iringa
Kwa sababu ya antena, ndugu yangu. Mitetemo 1,000 kwa sekunde, ikirushwa kama wimbi la redio, ina urefu wa kilomita 300, na antena ya robo ya wimbi ingekuwa ya kilomita 75, karibu sawa na barabara ya Tukuyu hadi Mbeya mjini. Kwa megahezi 100, robo hiyo ni sentimita 75 tu, ambayo ndiyo antena unayoivuta kwenye redio yako. Tena vituo vyote vingegombania masafa yaleyale ya sauti. Lakini FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo ukiwa nyuma ya Mlima Rungwe na mnara uko upande wa pili, utaikosa, wakati masafa ya kati, pamoja na mikwaruzo yake, huambaa na ardhi na kukufikia.