Rolex, katogo au mayai ya kuchemsha: kipi kinatuliza sukari asubuhi?

Dereva_wa_Malaba
Wakuu, habari zenu. Naendesha lori, Malaba hadi Kampala, mara nyingine nashuka mpaka Mbarara. Umri 46. Mwezi uliopita nilipima sukari kabla sijatia kitu mdomoni, ikasoma 6.5 (mmol/L). Daktari akasema kisukari kinaanzia 7.0, kwa hiyo mimi nimeshafika mpakani, bado kugongewa muhuri tu. Dawa hakunipa, alisema nibadilishe ulaji.

Jirani yangu naye akaongeza lake: mayai ndiyo yanayoleta kisukari, niyaache kabisa. Sasa mimi bila mayai siwezi safari! Nikanunua kipima sukari, nikajichoma vidole wiki mbili. Kila asubuhi chakula kimoja, napima kabla na baada ya saa mbili kupita. Kabla ya kula naanzia kati ya 6.2 na 6.6. Baada ya kula ikawa hivi:

Rolex ya chapati mbili na mayai mawili, chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari: 10.2, 9.8, 10.6.
Kikomando cha chapati mbili na maharage, chai ileile: 10.0. Nilijaribu siku moja, tumbo likakataa safari.
Katogo ya matoke na utumbo, chai bila sukari: 8.9, 8.4.
Mayai matatu ya kuchemsha, kachumbari, nusu parachichi, chai bila sukari: 6.8, 7.0, 6.6.

Hiyo ya mwisho ilinishangaza hata kwa njaa. Nilitoka Kampala alfajiri nikafika Lukaya, wale vijana wakaning'iniza mishikaki dirishani, na sikutamani. Mnaonijua barabarani mtaelewa uzito wa habari hiyo.

Kwa hiyo nauliza: yai lina kosa gani? Na nile mangapi?

Bin_Kisenyi
Ndugu dereva, saa mbili si miaka ishirini. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009, ulifuatilia madaktari wanaume pamoja na kundi kubwa la wanawake. Waliokula mayai saba au zaidi kwa wiki, hatari ya kisukari ilikuwa juu kwa asilimia 58 kwa wanaume na 77 kwa wanawake, ukiwalinganisha na wasiokula. China nao, 2020, watu wazima 8,545: waliozidisha gramu 50 kwa siku, yaani yai moja tu, hatari ilipanda kama asilimia 60. Jirani yako hakuota.

Chapati_Wandegeya
Mnaanza kuniharibia biashara asubuhi yote hii 😂

Muuguzi_Mstaafu_Jinja
Bin Kisenyi mwanangu, hizo tafiti ni za kweli, lakini umetuletea upande mmoja. Finland, 2015, mji wa Kuopio: wanaume 2,332 wa miaka 42 hadi 60 walifuatiliwa karibu miaka ishirini. Waliokula kama mayai manne kwa wiki walipata kisukari kwa uchache, asilimia 37 chini ya waliokula moja. Yai ni lilelile, na majibu yamepishana kabisa. Tafiti za namna hiyo zinamtazama mtu anavyoishi, haziwezi kulitenga yai na vitu vinavyolisindikiza. Mmarekani yai lake linakuja na nyama ya nguruwe yenye chumvi na mkate mweupe. Kwetu linakuja limeviringishwa kwenye chapati, na chai ya vijiko vitatu pembeni.

Lichukue yai peke yake. Lina protini kama gramu 6, mafuta kama gramu 5, na wanga haufiki hata gramu moja. Kitu kisicho na wanga kitaipandishaje sukari hadi 10? Dereva, hiyo 10 yako ilitoka kwenye unga wa ngano na kwenye kikombe. Ungeila ile rolex bila yai, ukabaki na chapati mbili na chai, nadhani ungeona namba mbaya zaidi.

Kuna waliojaribu kwa kuwagawa watu makundi. Australia walichukua watu 140 wenye kisukari au sukari ya mpakani kama yako. Kundi moja mayai mawili kwa siku, siku sita za wiki. Kundi la pili chini ya mawili kwa wiki nzima. Miezi mitatu, kolesteroli haikuharibika. Wakafuatiliwa mpaka mwaka, sukari za makundi yote mawili zikawa hazitofautiani. Na Kanada, 2019, watu 23 wenye kisukari walipewa siku moja omleti, siku nyingine uji wa shayiri na matunda. Siku ya omleti sukari haikuruka baada ya kifungua kinywa. Jaribio lako, dereva, ni ndugu wa hilo, ila wewe ulilifanya kwenye lori.

Bin_Kisenyi
Sawa mama, nakubali kwenye chapati. Lakini kiini? Kolesteroli yote imo mle.

Muuguzi_Mstaafu_Jinja
Imo, karibu miligramu 186 kwa yai kubwa. Wamarekani walikuwa na kikomo cha 300 kwa siku, wakakiondoa kwenye mwongozo wao wa 2015, kwa sababu kwa watu wengi ini hupunguza kutengeneza yake ukila ya nje. Si kwa wote. Aliyeambiwa kolesteroli yake iko juu, au wa ukoo wenye ugonjwa wa moyo, aongee na daktari wake kabla ya kujipangia trei.

Nyanya_wa_Kienyeji
Mnasahau kuuliza mayai gani. Ya kienyeji ndiyo dawa. Hayo ya kuku wa gredi ni maji matupu.

Muuguzi_Mstaafu_Jinja
Dada, utamu nakupa. Kwenye sukari hayatofautiani. Kiini kuwa cha njano sana ni majani aliyodonoa kuku.

MamaSwabra_Bombo
Assalaam aleikum. Naomba nisimulie, maana naona watu watasoma hapa kisha wakimbilie mayai matupu kama nilivyofanya mimi.

Mume wangu ana kisukari mwaka wa sita, anameza glibenklamaidi asubuhi na jioni. Nilisikia kwa shoga yangu habari hizihizi, nikamwondolea muhogo na chai ya sukari, nikampa mayai mawili na mboga ya dodo (mchicha). Kidonge akameza kama kawaida. Saa nne hivi nafua uani, nasikia kikombe kimeanguka. Nakuta amekaa kwenye mkeka, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, namuuliza jina la mtoto wa kwanza ananitazama tu. Kupima, 3.1. Nikamnywesha maji niliyokoroga vijiko vinne vya sukari, akarudi taratibu. Kijasho kilichonitoka mimi siku ile kilizidi chake.

Muuguzi_Mstaafu_Jinja
Pole sana mama Swabra, na ulifanya sawasawa kumpa sukari, maana aliweza kumeza. Chini ya 4 haingojwi: maji ya sukari mara moja, pima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Wengine wasome vizuri hapo. Glibenklamaidi inalikamua kongosho litoe insulini, umekula wanga au hukula. Insulini ya sindano vivyo hivyo, inafanya kazi hata sahani ikiwa tupu. Mwenye dawa hizo akipunguza wanga ghafla, dozi nayo lazima itazamwe na aliyemwandikia. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kukuangusha hivyo. Dereva hana dawa yoyote, kwake ni rahisi.

Chapati_Wandegeya
Niruhusuni niitetee kazi yangu. Mimi nakaa kwenye kaango hili mwaka wa tisa. Tatizo si rolex, tatizo ni oda. Wanafunzi wa Makerere wanataka "mbili kwa moja", chapati mbili na yai moja, kwa sababu inajaza tumbo na mfuko unabaki. Yai linakuwa rangi tu pale ndani. Nikipiga mayai matatu kwenye kile kikombe cha plastiki, nikakatia kabichi, nyanya, kitunguu na pilipili hoho mpaka kijiko kinasimama, nikamwaga, nikafunika na chapati moja niliyoisukuma nyembamba, hiyo nayo ni rolex. Bei inapanda, ndiyo. Lakini hakuna anayeiomba! Mzungu mmoja aliwahi kuniambia niondoe chapati kabisa. Nikamuuliza, sasa nikuviringishie kwenye nini?

Muuguzi_Mstaafu_Jinja
Haya, huyu kijana ameongea kuliko vitabu. Nimwongezee kimoja. New York, 2015, watu 11 wenye kisukari walikula chakula kilekile kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na kuku na mboga, mkate na juisi vikafuata dakika 15 baadaye, sukari iliyopimwa saa moja tangu waanze kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi kuliko walipoanza na mkate. Kwa hiyo dereva, hata siku ya katogo, tangulia na yai na kachumbari, halafu ndiyo uguse matoke. Na ile sahani ya mkahawa ni mlima, omba nusu.

Mangapi? Mawili kwa siku yamejaribiwa kwa watu kama wewe, mwaka mzima. Matatu kila siku sijaona jaribio lake, ila siku mojamoja sitakugombeza. Baada ya miezi mitatu kapime HbA1c, ile damu inayokumbuka sukari ya wiki nyingi, usitegemee kidole pekee. Hiyo husomwa kwa asilimia, inatakiwa ibaki chini ya 6.5.

Bin_Kisenyi
Mimi bado nakula manne kwa wiki, basi. Ila chai nimeanza bila sukari tangu jana. Ni kama kunywa maji ya kuoshea masufuria.

Dereva_wa_Malaba
Siku ya nne utaizoea, vumilia.

Mama Jinja, asante sana. Nimejaribu mpangilio wako leo: mayai mawili kwanza, nikafuta vumbi la kioo, kisha nusu katogo. 7.6. Wiki ile katogo nzima ilikuwa 8.9.

Chapati_Wandegeya, Alhamisi napita na mzigo wa Mbarara. Niandalie hiyo ya mayai, chapati moja nyembamba.

Chapati_Wandegeya
Mayai mawili au matatu? Mama anasoma hapa.

Dereva_wa_Malaba
Mawili. Kabichi jaza.